Haki za kipekee: Jinsi mikataba ya kandanda na michezo ya video inavyomgusa mtazamaji wa Kibera na Kawangware

Wakazi wengi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi hawajawahi kuuona mkataba wa haki za matangazo. Hata hivyo, mikataba hiyo, ambayo aghalabu hutiwa saini London, Johannesburg, Tokyo au California, ndiyo huamua ni mechi gani itakayoonyeshwa katika kibanda cha video siku ya Jumamosi, ni king'amuzi kipi mwenye kibanda atanunua, na ni majina gani ya timu yatakayoonekana kwenye skrini vijana wanapocheza kandanda ya PlayStation.

Kibera, iliyo kusini-magharibi mwa jiji, ilianza kama makazi ya askari Wanubi waliohudumu katika jeshi la mkoloni. Leo imegawanyika katika vijiji kama vile Makina, Laini Saba, Gatwekera, Kianda na Silanga. Kawangware iko upande wa magharibi, ikipakana na mtaa wa kifahari wa Lavington, na wadi ya jina hilo imo katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Katika mitaa yote miwili, kibanda cha mabati chenye mabenchi, televisheni na ubao wa ratiba ya mechi mlangoni ni biashara inayotambulika. Kiingilio ni shilingi chache, na mapato hutegemea kitu kimoja tu: kuwapo kwa picha ambayo watu wako tayari kuilipia. Picha hiyo ikihamia kwa kampuni nyingine, mwenye kibanda hana budi kuifuata au kufunga mlango.

Makala haya yanaeleza maana ya haki za kipekee, chimbuko lake katika biashara ya televisheni na ya mitambo ya michezo, na sheria zinazozisimamia.

Maana ya mkataba wa haki za kipekee

Mkataba wa haki za kipekee ni makubaliano ambapo mwenye mali, iwe ni ligi ya soka, filamu au mchezo wa video, humruhusu mfanyabiashara mmoja pekee kuitumia katika eneo fulani na kwa muda fulani. Mnunuzi hulipa bei ya juu kuliko ambayo angelipa kama haki hizo zingegawanywa kwa wengi. Kwa malipo hayo hapati picha tu. Hupata pia uhakika kwamba mshindani wake hatakuwa nayo.

Mambo matatu ndiyo hutenganisha mkataba mmoja na mwingine. La kwanza ni eneo: haki za Kenya zaweza kuuzwa pamoja na za nchi nyingine za kusini mwa Jangwa la Sahara. La pili ni muda, ambao kwa ligi kubwa za soka mara nyingi huwa misimu mitatu. La tatu ni njia ya kupokelea: setilaiti, antena, simu au intaneti. Kila kimojawapo chaweza kuuzwa peke yake, na ndiyo sababu mechi inayoonekana kwenye simu huenda isionekane kwenye king'amuzi, au kinyume chake.

Netflix na Xbox, 2008 hadi 2010

Mfano unaojulikana sana wa maafikiano kati ya huduma ya video za intaneti na mtengenezaji wa mtambo wa michezo ni ule wa Netflix na Microsoft nchini Marekani. Makubaliano hayo yalitangazwa Julai 2008, na ilipofika Novemba mwaka huo wenye mtambo wa Xbox 360 waliweza kutazama filamu za Netflix moja kwa moja kwenye televisheni zao. Wenye mitambo ya Sony na Nintendo waliachwa nje.

Mteja wa Xbox hakupata fursa hiyo bure. Mbali na ada ya Netflix, alilazimika kulipia uanachama wa Xbox Live Gold, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2014 pekee. Hivyo Microsoft ilitumia filamu za kampuni nyingine kuuza mtambo wake pamoja na uanachama wake.

Novemba 2009 Netflix ilifika kwenye PlayStation 3, lakini kwa njia ya kuzunguka: mteja alitumiwa diski kwa posta na ilimbidi aiweke kwenye mtambo kila alipotaka kutazama. Nintendo Wii ilipata huduma hiyo mwaka 2010, nayo pia kwa diski. Haja ya diski iliondoka Oktoba 2010. Tangu hapo Netflix ilifuata mkondo wa kupatikana kwenye kila kifaa, kwa kuwa mapato yake hutokana na idadi ya wateja wala si mauzo ya mtambo wa mtu mwingine.

Kenya ilifikiwa na Netflix Januari 2016, wakati kampuni hiyo ilipofungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja. Septemba 2021 ilianzisha nchini mpango usio na malipo kwa watumiaji wa simu za Android, kisha ikaufuta mwaka 2023. Kwa mtazamaji wa Kenya, kifaa kilichokuwa lango la huduma hiyo isiyolipiwa kilikuwa simu ya mkononi wala si mtambo wa michezo.

Majina ya timu katika PlayStation

Katika vibanda vya michezo ya video, haki za kipekee huonekana kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi michezo miwili ya kandanda ilishindania wachezaji: FIFA ya kampuni ya Marekani ya Electronic Arts, na Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Japani ya Konami. Electronic Arts ilikuwa na leseni ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa sababu hiyo Konami haikuweza kutumia majina na nembo za klabu nyingi za ligi hiyo, na katika matoleo kadhaa Chelsea iliitwa London FC huku Manchester City ikiitwa Man Blue. Shabiki aliwatambua wachezaji wake, lakini klabu yake ilikuwa imevishwa jina la kupanga.

Konami nayo ilikuwa na silaha yake. Kuanzia 2008 hadi 2018 ilishikilia haki za kutumia Ligi ya Mabingwa wa Ulaya katika mchezo wake, kabla ya haki hizo kuhamia Electronic Arts. Mwaka 2019 Konami ilipata haki za kipekee za Juventus ya Italia. Katika FIFA 20 klabu hiyo ikaitwa Piemonte Calcio, na haikurejea kwa jina lake hadi toleo la FIFA 23.

Hatimaye jina la FIFA lenyewe likawa mada ya mvutano. Shirikisho la kandanda duniani na Electronic Arts walishindwa kuafikiana kuhusu leseni, na mwaka 2023 mchezo ukatoka kwa jina la EA Sports FC. Uwanja, wachezaji na mitindo ya kucheza vilibaki; kilichoondoka ni jina, kwa kuwa jina ndilo lililokuwa likikodishwa.

GTV: Funzo la mwaka 2009

Hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya haki za kipekee kwa mtazamaji wa kawaida nchini Kenya kuliko kile cha GTV. Kampuni hiyo, iliyoendeshwa na Gateway Broadcast Services yenye makao yake nchini Uingereza, iliingia katika soko la televisheni ya kulipia barani Afrika mwaka 2007. Ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza kusini mwa Jangwa la Sahara, haki ambazo hapo awali zilikuwa nguzo ya DStv ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini kupitia idhaa zake za SuperSport.

Ujio wake ulipokelewa kwa furaha na wengi. Ada zake zililenga watu ambao DStv ilikuwa ghali mno kwao. Lakini kwa mwenye kibanda au baa, maana yake ilikuwa gharama mpya: sahani nyingine ya setilaiti, king'amuzi kingine na ada nyingine, kwa sababu king'amuzi cha kampuni moja hakifungui matangazo ya kampuni nyingine.

Tarehe 30 Januari 2009, katikati ya msimu wa ligi, GTV ilisitisha matangazo. Kampuni ilisema msukosuko wa fedha duniani ulikuwa umeinyima mtaji iliouhitaji. Wateja waliokuwa wamelipia miezi ya mbele walibaki na vifaa visivyo na kazi. Haki za Ligi Kuu zilirejea SuperSport, na aliyetaka kuendelea kutazama alirudi kule alikokuwa ametoka, huku fedha zake za vifaa zikiwa zimepotea.

Funzo la kisa hicho ni kwamba haki za kipekee huhamisha hatari kutoka kwa kampuni hadi kwa mnunuzi wa kifaa. Kampuni hununua haki kwa misimu michache, ilhali mtazamaji hununua king'amuzi akidhani kwamba amenunua ligi. Mkataba ukiisha, au mwenye nao akifilisika, king'amuzi husalia na ligi huondoka.

Kibanda mbele ya sheria

Tofauti nyingine isiyofahamika sana ni ile iliyopo kati ya kutazama nyumbani na kuonyesha umma. Kampuni za televisheni ya kulipia huuza vifurushi vya nyumbani na vifurushi vya biashara, na bei yake si moja. Mwenye kibanda anayetoza kiingilio huku akitumia kifurushi cha nyumbani huwa amevunja masharti ya mkataba wake, hata kama hulipa ada kila mwezi bila kuchelewa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, inampa mtangazaji haki ya kudhibiti uonyeshaji wa matangazo yake kwa umma, na Bodi ya Hakimiliki ndiyo msimamizi wake. Mbali na hayo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, humtaka anayeonyesha filamu kwa umma awe na leseni, na utekelezaji wake umo mikononi mwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Kwa hiyo kibanda kimoja chaweza kuhitaji ruhusa za pande kadhaa, mbali na kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi.

Suala hili si la Nairobi pekee. Mjini Portsmouth, Uingereza, mwenye baa aitwaye Karen Murphy alitumia king'amuzi cha Ugiriki kuonyesha mechi za Ligi Kuu kwa sababu kilikuwa nafuu kuliko cha kampuni ya Sky. Alishtakiwa na kutozwa faini, lakini alikata rufaa. Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kumzuia mtu kutumia king'amuzi cha nchi nyingine mwanachama kulikiuka uhuru wa kutoa huduma katika soko la pamoja, na mwaka 2012 hatia yake ikafutwa. Pamoja na ushindi huo, mahakama ilisema kuwa nembo, wimbo wa ligi na michoro inayoambatana na mechi vinalindwa na hakimiliki, na kuvionyesha katika baa kunahitaji ruhusa. Mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ukabaki umefungwa nusu.

Je, kugawanya haki hushusha bei?

Wengi hudhani kwamba tiba ya haki za kipekee ni kuzigawa kwa kampuni nyingi. Uzoefu wa Uingereza unaonyesha kwamba jambo hilo si rahisi hivyo. Machi 2006 Tume ya Ulaya iliidhinisha ahadi za Ligi Kuu kwamba kampuni moja isingeruhusiwa kununua mafungu yote sita ya mechi za moja kwa moja kuanzia msimu wa 2007. Sky ilinunua manne, na Setanta ya Ireland ikachukua mawili.

Shabiki aliyetaka mechi zote akajikuta akilipa ada mbili badala ya moja. Mwezi Juni 2009, miezi michache baada ya GTV kuanguka Afrika, biashara ya Setanta nchini Uingereza nayo ikaporomoka. Ushindani huo ulizinufaisha klabu zilizouza haki kuliko mashabiki waliozilipia, kwa sababu kila fungu lilibaki mikononi mwa kampuni moja. Ushindani wa kweli ungekuwepo kama mechi ileile ingeuzwa na kampuni mbili, na mtazamaji akachagua iliyo nafuu.

Kwa upande mwingine, haki za kipekee zina manufaa yake. Mwaka 2021 Azam Media ya Tanzania ilikubali kulipa shilingi za nchi hiyo bilioni 225.6 kwa miaka 10 ili kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kiasi kama hicho hakingeweza kutolewa na kampuni isiyokuwa na uhakika wa kuwa mwonyeshaji pekee. Nchini Kenya, SuperSport ilikuwa ikidhamini matangazo ya ligi kuu ya nyumbani tangu 2007, hadi ilipovunja mkataba mwaka 2017 baada ya mzozo kuhusu kuongezwa kwa idadi ya timu. Klabu zilizotegemea mgao wa fedha hizo zilitaabika, zikiwemo zenye mashabiki wengi mitaani.

Sheria ya ushindani na kisa cha M-Pesa

Sheria ya Ushindani Nambari 12 ya mwaka 2010 ndiyo chombo kikuu cha Kenya dhidi ya mikataba inayobana soko. Kifungu cha 21 kinapiga marufuku makubaliano yanayozuia au kupunguza ushindani, na kifungu cha 24 kinakataza matumizi mabaya ya nguvu za soko. Hata hivyo, sheria haisemi kwamba kila mkataba wa kipekee ni haramu. Wahusika wanaweza kuomba msamaha kwa Mamlaka ya Ushindani wakieleza manufaa kwa umma, na haki za ubunifu zina utaratibu wake wa kuombewa msamaha huo.

Nguvu ya sheria hiyo ilijulikana mitaani mwaka 2014, si kwa sababu ya kandanda bali kwa sababu ya fedha za simu. Mikataba ya Safaricom iliwazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia kampuni shindani. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai mwaka huo Safaricom ikakubali kuondoa masharti hayo. Tangu hapo wakala wa Kawangware au Kibera aliruhusiwa kuweka mabango mawili au matatu kwenye dirisha lake.

Kisa hicho kinafaa kulinganishwa na cha ving'amuzi. Mamlaka haikumlazimisha mtu kushusha bei, wala haikuinyang'anya kampuni mali yake. Iliondoa kifungu kimoja kilichomfunga mtu wa kati. Katika televisheni ya kulipia, kifungu kama hicho ni kigumu zaidi kukiondoa, kwa sababu upekee wenyewe ndio bidhaa iliyouzwa, tena mara nyingi na mwenye ligi aliye nje ya mipaka ya Kenya.

Michezo kwa njia ya intaneti

Katika miaka ya karibuni mvutano umehamia kwenye huduma ambapo mteja hulipa ada ya kila mwezi na kucheza michezo mingi, au kuipokea moja kwa moja kwa intaneti bila kuwa na mtambo wa gharama. Mwaka 2022, wakati serikali mbalimbali zilipokuwa zikichunguza ununuzi wa kampuni ya Activision Blizzard, Microsoft ilidai mbele ya mamlaka ya Brazil kwamba Sony hulipa watengenezaji ili michezo yao isiwekwe katika huduma ya Game Pass. Sony nayo ilihofia kwamba Microsoft ingeuzuia mchezo maarufu wa Call of Duty usifike kwenye PlayStation. Kila upande uliushutumu mwenzake kwa silaha ambayo wote wawili waliielewa vyema.

Ununuzi huo wa dola bilioni 68.7 ulikamilika Oktoba 2023, baada ya mamlaka ya ushindani ya Uingereza kuridhika na sharti la kuuzia kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft haki za kutiririsha michezo ya Activision kwa intaneti. Sharti hilo lilihusu michezo iliyopo na itakayotolewa kwa muda wa miaka 15. Kwa hatua hiyo, wasimamizi wa soko walionyesha kwamba upekee unaweza kutenganishwa na umiliki: kampuni inaweza kumiliki mchezo bila kumiliki kila njia ya kuufikisha kwa mchezaji.

Televisheni ya Afrika imefuata mkondo uo huo. Februari 2024 Showmax ya MultiChoice ilizinduliwa upya ikiwa na kifurushi cha simu cha Ligi Kuu ya Uingereza, na Septemba 2025 MultiChoice yenyewe ikawa chini ya Canal+ ya Ufaransa. Kila badiliko la aina hii hubeba uwezekano kwamba haki zitapangwa upya, na kwamba kifaa kilichonunuliwa jana kitahitaji mwenzake kesho.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwenye kibanda, yako maswali manne yafaayo kuulizwa kabla ya kulipia king'amuzi au huduma mpya. Haki za ligi inayotangazwa zinaisha msimu gani? Je, kifurushi kinachouzwa ni cha nyumbani au cha biashara? Kampuni ikisitisha huduma, fedha zilizolipwa mbele zitarejeshwa kwa utaratibu upi? Na je, kifaa hicho kinaweza kupokea idhaa nyinginezo, au kitakuwa pambo la rafu matangazo yakizimwa?

Maswali hayo hayaondoi haki za kipekee, lakini humpa mnunuzi nafasi ya kupima anachokipata. Anayenunua king'amuzi ananunua kifaa pamoja na ruhusa ya muda. Kifaa hubaki kuwa chake. Ruhusa ni ya mwenye ligi, na ina tarehe yake ya kumalizika.